Ndege Waliokuwa Kwenye Diski

Jumamosi, 3 Agosti

Imekubali! Imekubali, imekubali, imekubali!

Kompyuta ya karakana yetu ya kutarizi imewaka kwa mfumo huria, ule wa bure usiomilikiwa na kampuni. Safi, nyepesi, haikoromi. Nimeizima na kuiwasha tena na tena bila sababu, raha tu ya kuiona inavyoamka. Zamani ukibonyeza kile kitufe uliweza kwenda kuoga, ukarudi, ukajipaka mafuta, ndiyo kwanza inakuonyesha kiduara kinazunguka.

Niandike nilichofanya nisije nikasahau. Nimefungua kasha la kompyuta, nimechomoa diski ya zamani, nimechomeka ile diski ndogo ya kasi tuliyoshinda kwenye mashindano ya klabu ya kompyuta shuleni (wenzangu walikuwa hawaitaki). Mfumo wenyewe umetoka kwenye flashi ya mwalimu wa kompyuta. Diski ya zamani sijaitupa, ina nembo zote za Mama. Nimeitia kwenye kikasha chenye kebo, unaichomeka pembeni kama flashi kubwa. Ukiishika inatetemeka kidogo, kama kifaranga.

Mama alikubali shingo upande. Alikuwa na pini mdomoni kwa hiyo hakuweza kubisha sana. Alipozitoa akasema nikiiharibu nitakaa karakanani nitarizi nembo kwa mkono mpaka niolewe. Kaka yangu alisimama nyuma yangu mikono mgongoni akauliza kama nina kibali. Tunamwita Meneja kwa sababu hajawahi kuishika kazi, anaisimamia tu.

Mama mdogo hayupo. Amekwenda kumuuguza mama mkubwa, kafanyiwa upasuaji wa goti. Anarudi Jumapili ijayo. Nataka akirudi akute kompyuta inaruka. Yeye ndiye anayeteseka nayo kuliko sote. Kuna siku ilichelewa kuamka hadi mteja akaondoka, tangu hapo akaweka sheria ya nyumba – hakuna kuizima. Jioni anailaza. Kuna kitufe chake. Asubuhi anaigusa, inaamka, na kila kitu kiko pale pale alipokiacha, madirisha wazi, kazi nusu, kama meza ya fundi ambayo haipanguswi. "Usizime, laza!" Hata nikiwa bafuni ananipigia kelele hiyo.

Lakini leo nilipoifungua niliikuta giza tupu, hakuna hata kitaa kimoja. Basi aliizima mwenyewe kabla ya safari. Afadhali.


Jumapili, 4 Agosti

Nimeshangilia mapema.

Diski ya zamani inaonekana. Folda zinafunguka – nembo za shule, za walinzi, za kwaya, za timu ya mpira ambayo ilivunjika kabla sweta hazijachukuliwa. Zote zipo. Ila ukitaka kuhifadhi chochote humo, hapana. Kusoma tu. Unaruhusiwa kutazama, usiguse.

Sasa tatizo ni hili. Programu ya kutarizi imo kwenye diski hiyo hiyo. Haikutengenezwa kwa ajili ya mfumo huria, kwa hiyo naiendesha kupitia programu nyingine inayokaa katikati kama mkalimani. Inafunguka vizuri tu. Inaonyesha nembo. Halafu inataka kuandika kitu chake kidogo kwenye folda yake, inakataliwa, inajifunga kwa hasira. Nafungua, inajifunga. Nafungua, inajifunga. Nimekaa nayo toka chai ya asubuhi.

Mama kasema kesho ana kazi. Sweta za shule ya wasichana – wamebadilisha rangi ya mwenge kwenye nembo, na wanazitaka kabla shule hazijafunguliwa. Nikasema ni kitu kidogo, naimalizia. Meneja akasema kitu kidogo gani, mbona Mnong'ono katoka kijasho mpaka puani.

Mnong'ono ni mimi. Sina la kujitetea. Nikiagizwa dukani muuzaji huwa anainama juu ya meza, mkono sikioni.


Jumatatu, 5 Agosti

IMEKUBALI!

Asubuhi Mama alikwisha kaa kwenye mashine, uzi mwekundu kwenye sindano ya kwanza, wa dhahabu kwenye ya pili, ananitazama tu. Hasemi. Bora angesema.

Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaiuliza diski kwa nini haitaki. Ikanijibu kwa aya nzima, kwa lugha ya shule. Ile lugha naisoma haraka kuliko Kiswahili, na ndiyo shida yangu – naisoma kwa kuruka, kama mtu anayeshuka ngazi akiwa amechelewa. Nikaona: haikufungwa vizuri... usingizi... mabaki ya mfumo wa zamani... Nikaenda kwenye jukwaa la watumiaji mtandaoni. Kumbe watu kibao wamekutwa na hili! Jibu la kwanza kabisa lilikuwa mstari mmoja, amri ya kuipachika diski, yaani kuiunganisha na mfumo, kwa nguvu na kufuta faili la usingizi. Chini yake kulikuwa na majibu mengine marefu. Mama akakohoa.

Nikanakili mstari. Nikabonyeza. Ikakaa kimya kidogo, halafu basi, diski ikalainika. Kuandika ruksa. Programu imefunguka na haijafunga tena.

Mama akaupaka mwenge rangi mpya, akahifadhi, akapeleka kwenye mashine, ikaanza tatatatata. Akasema, bila kunitazama, kumbe shule mnafundishwa kweli. Kwa Mama hiyo ni hotuba! Nilikwenda jikoni nikacheka peke yangu.

Meneja anasema yeye ndiye aliyeongoza zoezi.


Jumanne, 6 Agosti

Mama mdogo amepiga simu. Kwanza habari za goti, halafu ugomvi wake na nesi, halafu mama mkubwa anavyojifanya hawezi kunyanyua hata kijiko. Nilikuwa nacheka. Halafu akauliza:

"Na ndege wangu hawajambo?"

"Hawajambo," nikasema.

"Nimewaacha wamelala. Hebu asije mtu akaniamshia. Bado wawili tu, nikirudi namaliza. Mwambie Meneja akae mbali na ile kompyuta, sikio lake nitalivuta kwa simu hii hii."

Nikasema sawa. Simu ikakatika. Mimi nikabaki nimeishika sikioni.

Nimewaacha wamelala.

Nikaenda karakanani nikatafuta. Folda zote. Nimetafuta "ndege", nimetafuta "waya", nimetafuta jina lake, nimetafuta kwa tarehe. Nembo, nembo, nembo. Hakuna ndege hata mmoja.

Niandike kuhusu ndege, maana hapa ndipo naweza. Kutoka dirisha la karakana unaona waya wa umeme, na jioni ndege wanajipanga juu yake. Mama mdogo alianza kuwachora wakati wa mvua. Si kwa penseli, kwa mishono – kila mshono anauweka mwenyewe kwenye skrini, uende upande gani, uwe na urefu gani, uzi upi. Mchana anatarizi nembo za watu. Jioni, nembo zikiisha, anavuta stuli anasema njoo tuone majirani. Kila ndege ana tabia yake. Wawili wamepeana mgongo kwa sababu wamenuniana. Mmoja mnene anawasukuma wenzake. Mmoja kajitenga mwisho wa waya, lakini kichwa kakigeuza, anasikiliza wote. "Huyo ni wewe," aliniambia.

Tarehe 24 ni maonyesho ya mafundi. Amepewa meza. Meza yake, jina lake, si "karakana ya dada". Toka aanze kazi hii hajawahi kutarizi kitu ambacho hakuagizwa na mtu. Kitambaa ameshakinunua, kiko juu ya kabati, cheupe, kikubwa, kimefungwa kwenye shuka kisipate vumbi.

Na hahifadhi. HAHIFADHI! Mara moja alihifadhi, programu ikamgeuzia rangi zote zikawa kijani. Akaapa. Toka siku hiyo anawaacha wazi kwenye skrini, anailaza kompyuta, anaiamsha, anaendelea. Miezi.

Giza lile. Ile haikuwa imezimwa.


Jumatano, 7 Agosti

Sikula asubuhi. Mama kadhani ni tumbo la kawaida, kanipa maji ya moto.

Nimeuliza kwenye jukwaa. Kule mimi ni mtu mwingine, naandika kwa lugha ya shule, naandika marefu, hata mzaha naweka. Hakuna anayeinama kunisikiliza. Kuna mmoja huwa anajibu karibu kila kitu, jina lake nikilitafsiri ni Panya wa Ghala. Sijui ni mtu mzima au mtoto, mwanamume au mwanamke. Alijibu kabla sijafunga ukurasa.

Akauliza: ulisoma majibu ya chini? Nikasema sikuyasoma. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Kaeleza hivi. Kompyuta ikilazwa usingizi mzito, kila kilichokuwa wazi kinamwagwa kwenye faili moja kubwa, halafu umeme unakatika kabisa. Ndiyo maana inaonekana imezimwa. Ikiamka inalisoma faili, inarudisha kila kitu mahali pake. Mfumo huria ulikataa kuandika kwa sababu uliliona hilo faili, ukajua kuna mtu kaacha kazi nusu. Haikuwa kasoro. Ilikuwa inamtunzia mtu. Mimi nikaiambia itupe.

Halafu akauliza, faili likifutwa halipotei papo hapo, nafasi yake tu ndiyo inahesabiwa kuwa wazi, je, tangu hapo umeandika nini kwenye diski?

Nembo. Juzi na jana kutwa. Na leo – wakati nasoma jibu lake, nyuma yangu Mama anahifadhi nembo. Kila akihifadhi, huenda anaandika juu ya ndege. Huenda mnene. Huenda wale walionuniana, sasa hivi, mbele ya macho yangu, na yeye anaimba.

Panya kaandika: ichomoe hiyo diski. Sasa.

Nikageuka. Nikafungua mdomo.

Nikasema kompyuta inahitaji kupumzika. Mama: "Si Jumamosi ulisema hii haichoki?" Nikasema ni ya ndani, inajipanga. Ipumzike mpaka kesho. Mama akashusha miwani akanitazama sana. Kwa shingo upande akaenda kupiga pasi sweta zilizokwisha.

Sasa kumbuka, wewe uliyeandika hapo juu kwamba hapa unaweza: umemdanganya Mama usoni, na uongo ulitoka kwa sauti nzuri kabisa, wazi, haukunong'ona.


Jumatano tena, jioni

Nimepata kitu! Programu ya kutarizi ina folda ya siri ya nakala zake yenyewe – huwa inajihifadhia bila kumwuliza mtu. Nimeipachika diski kwa kusoma tu, kwa maelekezo ya Panya, haiandiki hata herufi. Humo kuna nakala moja. Ya Juni.

Ndege watatu kamili. Wa nne hana kichwa. Waya umefika katikati, umekatika hewani.

Wale walionuniana, mmoja yupo na mwenzake hayupo. Kampa mgongo mtu ambaye hajazaliwa.

Mwisho wa waya hakuna mtu.


Alhamisi, 8 Agosti

Leo nilijaribu kusema, mara ya kwanza.

Kabla ya hapo nilifanya kazi ya maana, nijisifu kidogo. Nimehamisha folda ya nembo na programu yote kwenda kwenye diski mpya, kwa kuisoma tu ile ya zamani. Kwa hiyo Mama sasa anafanya kazi kwenye diski mpya na haihitaji ile nyingine kabisa. Sweta zinaendelea. Diski ya zamani nimeichomoa, nimeifunga kwenye soksi, nimeitia ndani ya foronya yangu. Nimeilalia mchana kutwa nikijidai nasoma.

Mpango wa Panya: nitafute diski kubwa kuliko hiyo, niinakili yote ilivyo, hata zile nafasi zilizo tupu, halafu tupekue kwenye nakala. Tusiguse ile halisi. Anasema nafasi ya kuwapata ndege si kubwa, lakini ipo. Anasema kitu kimoja kingine na akakiandika kwa herufi kubwa: USIJE UKAIRUDISHA KWENYE KOMPYUTA UKAIWASHA. Mfumo wa zamani ukiamka tu utaanza kujitengenezea faili zake, utalala juu ya mabaki, na hapo hata yeye hataweza kitu. Diski kubwa anayo mwalimu wa kompyuta. Nimempelekea ujumbe. Yuko safarini, anarudi Jumatatu.

Mama mdogo anarudi Jumapili.

Sasa kujaribu kwenyewe. Nilimfuata Mama jikoni. Anakatakata vitunguu. Nikasema, Mama. Akasema mmh. Nikasema, kuna jambo. Akaacha kisu! Aliacha kisu kabisa, akafuta mikono, akanigeukia na uso ule wa kuogopa, nikajua anawaza jambo jingine kabisa, la wasichana wa rika langu. Nikaona aibu kwa niaba yake. Nikasema, sweta zimependeza.

"Hilo ndilo jambo?"

"Ndiyo."

"Mwanangu," akasema, "siku moja utanisababishia presha kwa kuniambia tu ni saa ngapi."

Akarudi kwenye vitunguu, machozi yanamtoka ya vitunguu, anacheka. Ningemwambia pale. Alikuwa laini. Sijui kwa nini mtu nikimwona kalainika ndiyo nashindwa zaidi.


Ijumaa, 9 Agosti

Siku haiendi. Nakaa, nainuka. Nimefagia karakana, nimezipanga koni za uzi kwa rangi, nikazipanga upya kwa ukubwa. Mama akaniomba nizirudishe zilivyokuwa maana sasa hazipati.

Nilijaribu kuwachora ndege mwenyewe kwenye nakala ya Juni. Nilidhani ninawakumbuka – nilikaa naye jioni zote zile! Kichwa cha wa nne tu kimenishinda. Nimekiweka, kikawa kichwa cha kuku. Mishono yake yeye inafuata manyoya, inapinda mahali ambapo hata hujui kuna mpindo. Yangu imenyooka kama nyasi za ufagio. Nikafuta. Na kufuta nimekuwa hodari, wallahi.

Meneja alinikuta. Alisimama nyuma, mikono mgongoni, akaangalia skrini muda mrefu bila neno la mzaha, jambo ambalo linatisha.

"Hao si wa mama mdogo?"

"Nakala," nikasema.

"Na wengine?"

"Wapo."

"Wapo wapi?"

Nikasema kwenye diski ya zamani. Si uongo. Labda si uongo. Akasema basi siku mama mdogo akirudi mimi nitamrudishia diski yake kwenye kasha, skrubu nne tu, hata mtoto anaweza. Nikasema usiiguse. Akasema mbona unang'aka, Mnong'ono, leo umekula nini?

Nimemwandikia Panya kwamba siwezi kuwaambia. Kajibu kifupi: kuokoa data naweza kukusaidia, hilo jingine sina amri yake. Halafu akaweka uso wa kucheka. Halafu, baada ya muda, akaandika tena: mwenye kazi anapaswa kujua kabla hujaanza kupekua, maana uamuzi ni wake, pengine atataka kuanza upya kuliko kusubiri, siku anazo chache. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilifikiria namna ya kuwapata ndege ili nisiseme. Kumbe kila siku ninayonyamaza ninamlia siku zake za kuchora.

Kesho nitapiga simu. Kwa simu sitamwona uso. Kesho asubuhi.


Jumamosi, 10 Agosti

Niko chooni. Nimejifungia. Daftari lilikuwa mfukoni mwa sweta, diski iko kwenye magoti yangu.

Niandike haraka.

Sikupiga simu asubuhi. Nilikuwa ninajiandaa kupiga. Nilikwisha andika sentensi ya kwanza kwenye kiganja. Nikaenda kuchota maji, nikaanika nguo, narudi nasikia kicheko chake karakanani. Cha mama mdogo! Karudi leo. Mama mkubwa kamfukuza, eti anamwuguza mpaka anamchosha. Begi liko mlangoni, viatu vya safari bado anavyo, hajanywa hata maji, kaenda moja kwa moja kwenye kompyuta.

Nilimkuta amesimama anaitazama skrini, imezimwa. Akanikumbatia. Ananuka dawa za hospitali. Akasema imependeza, mwanangu, nimeiona kabla haijazimwa, inang'aa kama sahani, lakini mimi ndege wangu nawaona wapi?

Na Meneja – nilikuwa sijamwona – Meneja yuko chini ya meza. Kasha limefunguliwa. Soksi yangu iko sakafuni.

"Nimeshamaliza, mama mdogo," anasema toka chini, "skrubu zenyewe mbili zimelegea lakini itashika. Nilimwona Mnong'ono anavyoilalia kama yai. Mpya nimeitoa, ya kwako nimerudisha. Bonyeza tu."

"Una akili siku nyingine," mama mdogo akasema.

Mama yuko kwenye mashine ya sweta, anatabasamu, mguu juu ya kanyagio. Mama mdogo akavuta stuli. Akakaa. Akapangusa mikono kwenye nguo, vile anavyofanya kila jioni kabla ya kuwagusa. Kidole kikaenda kwenye kitufe.

Nikapiga kelele.

Sijui nilisema nini. Nadhani nilisema "Acha!" Kwa mtu mzima! Kwa mama mdogo! Sauti ilitoka kubwa, mbaya, kama kabati limeanguka. Mama akaruka kwenye kiti. Mashine ikasimama. Kidole cha mama mdogo kikabaki hewani, hakijagusa, naapa hakijagusa, kile kitaa hakikuwaka. Mimi nikaingia chini ya meza, nikamsukuma Meneja, akagonga kichwa, nikang'oa diski na kebo zake zote na kipande cha ngozi ya kidole changu, nikakimbia.

Ndiyo hali ilivyo.

Nje wanaulizana. Meneja anasema kapandwa na wazimu. Mama anagonga, anauliza kama ninaharisha. Nimesema hapana. Anasema basi toka. Mama kasema sweta hazitangoji mtu kujifungia chooni, na amerudi kwenye mashine, naisikia – tatatata. Anaikanyaga kwa hasira, najua mguu wake.

Sasa kuna mtu mwingine mlangoni. Hagongi. Naona viatu vya safari kwenye upenyo wa chini ya mlango. Sasa naona magoti. Amekaa sakafuni.

"Mwanangu," anasema. "Mimi sina haraka. Nimekaa na mgonjwa wa goti wiki nzima, nimezoea kusubiri mlangoni."

Nimeibana diski isidondoke.

"Nikuulize moja tu, halafu nakuacha. Ndege wapo au hawapo?"

Jibu la kweli ni sijui. Watatu wapo, wa nne hana kichwa, wengine wako humu kwenye magoti yangu au hawako popote, na mwalimu anarudi Jumatatu, na yeye ana wiki mbili, na anaweza kuanza upya kesho kama atajua leo. Hayo yote ni maneno mengi. Kwenye jukwaa ningeyapanga vizuri, na mzaha juu. Nimeyaandika hapa ili niyaone. Si marefu hivyo. Yanaingia kwenye mistari michache.

Magoti hayajaondoka.

Nimesema. NIMESEMA! Nimesema, mama mdogo, niliwafuta mimi, sikujua, labda watapatikana na labda hawatapatikana, ila usiiwashe.

Nasikia mashine tu, tatatata.

"Eti?" anasema. "Sikupati, mwanangu, hii mashine. Dada! Dada, hebu simamisha hiyo kitu kwanza!"

Imesimama. Nyumba yote imenyamaza. Meneja pia yupo hapo nje, namsikia anavyopumua.

"Haya," anasema mama mdogo. "Sema tena."